Tamko la Wakulima Wadogo wa Mbeya na Iringa Kuhusu Mbolea ya Ruzuku



Sisi wakulima wadogo wa mahindi, viazi na maharage wa mikoa ya Mbeya na Iringa, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kabla mvua za kupandia hazijaanza, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Tunaishukuru Serikali kwa hatua iliyochukua. Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Vita vya Ukraine vilikuwa vimezidisha bei ya mbolea duniani, na mfuko wa kilo 50 wa DAP ulikuwa umepita Sh 130,000. Serikali ilitenga Sh bilioni 150, na mfuko huo ukashuka hadi Sh 70,000. Wengi waliokuwa wameacha kununua mbolea walirudi madukani.

Hata hivyo, msimu huohuo wakulima walipanga foleni ndefu, na wengine walisafiri hadi mjini kufuata mifuko miwili. Anayetoka kijiji cha ndani Kilolo, Mufindi au Chunya hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hulipia mzigo, na akikuta mbolea imeisha hulala mjini au hurudi mikono mitupu. Punguzo analopewa na Serikali huishia njiani.

Kuchelewa kunaumiza zaidi. DAP ni mbolea ya kupandia: huwekwa shimoni pamoja na mbegu, kwa kuwa fosforasi haisafiri kwenye udongo kuufuata mzizi. Ikifika mahindi yakiwa magotini, wakati huo ni wa kukuzia kwa urea, na faida kubwa ya DAP imeshapotea. Mkulima aliyekosa mbolea kwa wakati hana pa kuufidia msimu huo.

Tunakumbuka pia mpango wa vocha ulioanza msimu wa 2008/09. Uliwafikishia wengi mbolea na mbegu kwa nusu bei, lakini vocha nyingine ziliishia kwa watu wasiolima. Usajili wa wakulima uliletwa ili kuziba mwanya huo, nasi tunauunga mkono. Usajili huo utaaminika pale tu kila mwanakijiji atakapoweza kuukagua.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Kilimo, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) na halmashauri zetu:

1. Mbolea ya kupandia ifike kwenye kata kabla ya mwisho wa Oktoba, na ya kukuzia ifuate bila pengo.

2. Kila kata iwe na kituo cha kuuzia, na maghala ya vyama vya ushirika yatumike pale ambapo hakuna wakala.

3. Orodha ya waliosajiliwa na ekari zao ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji.

4. Wanaolima mashamba ya kukodi, pamoja na wanawake wanaolima bila hati wala jina kwenye ardhi ya ukoo, wasajiliwe kwa kile wanacholima.

5. Mawakala walipwe fedha za ruzuku kwa wakati. Wakala anayeidai Serikali hana mtaji wa kuleta mzigo mwingine, na anayekosa mbolea ni mkulima.

Kwa upande wetu, tunawataka wanachama wetu kutaja ekari za kweli wakati wa kujisajili, kutouza mbolea ya ruzuku, na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji pale wanapoona ulanguzi. Anayeongeza ekari za uongo anampokonya jirani yake.

Mikoa hii hulisha miji mingi ya nchi yetu. Tuko tayari kukaa na halmashauri zote kupanga vituo kata kwa kata, na tunaomba vikao hivyo vianze mwezi huu.

Limetolewa na uongozi wa chama kwa niaba ya wanachama wote.