Ukimya wenye vyura
Mtu wa kurekodi sauti za filamu akifika Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, adui wake wa kwanza ni paa la bati. Mvua ya Nyungwe ikianza kulipiga, maneno ya waigizaji yamezama; avue visikizi, angoje. Chukua filamu ya Neptune Frost: Anisia Uzeyman, Mnyarwanda na mwigizaji, aliiongoza pamoja na Saul Williams, na kamera akaishika mwenyewe. Hadithi ni ya Burundi, hapo ng'ambo ya msitu, ila ilipigwa picha Rwanda, ikafika tamasha la Cannes 2021. Wengi husifu rangi zake. Mimi zilinikaa ngoma zake (aliyeshika kipaza sauti simwonei wivu). Kabla ya kufungasha, fundi wa sauti huomba wote wanyamaze nusu dakika, arekodi ukimya wa mahali penyewe. Ukimya wa Bweyeye una vyura.