Fomu Haina Mahali pa Kuandika Wewe ni Nani

Nilifundisha sekondari miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kuishi hapa Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Wengi wanapajua kwetu kwa sababu ya hospitali iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1913. Wagonjwa huenda kule kutafuta dawa. Kwangu huja vijana waliomaliza kidato cha sita, nao hutafuta dawa ya namna yake: wanataka kusoma sheria.

Wa mwisho kuja ni mtoto wa jirani yangu. Alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu," nikaitikia, naye akatoa simu yake akanionyesha alama za mtihani. Zilikuwa alama nzuri: Historia, Kiswahili na Kiingereza, zote amefaulu. Akaniuliza afanye nini ili maombi yake ya chuo yawe na nguvu. Akaongeza kwamba kuna kijana mwenye duka la kuchapa karatasi pale mjini anayetoza fedha kuwajazia wenzake fomu, na anasifika kwamba watu wake hawakosi nafasi.

Nilicheka, kisha nikajuta kucheka. Ndugu msomaji, hebu itazame fomu yenyewe. Inataka namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya mtihani wa kidato cha sita, na majina ya kozi kwa mpangilio. Basi. Haina mahali pa kuandika wewe ni nani, umesoma nini nje ya darasa, wala kwa nini unataka kuzibeba kesi za watu. Anayetoza fedha kuijaza anauza maji kando ya mto. Kama maombi yana nguvu, nguvu hiyo ilipatikana miaka mingi nyuma. Na kama hayana, hakuna mwandiko wa kuyaokoa.

Nikampa kijana kazi. Baba yake na baba yake mdogo wana ugomvi wa mpaka wa shamba ambao kijiji kizima tunaujua. Nikamwambia, "Niandikie ukurasa mmoja. Baba yako anadai nini, baba yako mdogo anadai nini, na wewe unaona haki iko wapi." Alirudi kesho yake na ukurasa safi kabisa. Ulianza kwa maana ya neno ugomvi, ukafuata na sababu tano za migogoro ya ardhi katika Afrika, kisha athari tano, kisha hitimisho. Baba yake hakuwemo. Baba yake mdogo hakuwemo. Mpaka wenyewe, ule wa mikonge, haukuwemo.

Niliutambua ukurasa ule kwa sababu mimi ndiye niliyeuandika. Si kwa mkono wangu, lakini ni wangu. Nilikuwa na daftari moja lenye jalada la kahawia ambalo nililisoma darasani mwaka hadi mwaka, wanafunzi wakinakili. Aliyeuliza swali nilimwambia asiwapotezee wenzake muda, kwani swali hilo haliji kwenye mtihani. Walifaulu, nami nikasifiwa. Leo nasema wazi kwamba sifa ile sikuistahili. Nilitengeneza watu wenye alama, wasioweza kueleza ugomvi wa baba zao.

Wala si mimi peke yangu. Mzazi anayetaka mwanawe awe wakili ndiye yule yule anayemwambia anyamaze wakubwa wanapozungumza. Mtoto akiuliza kwa nini shangazi yake hakupewa shamba, anaambiwa ana mdomo. Hivi tunadhani mdomo huo utafunguka wenyewe siku atakapovaa joho? Nasi Wasukuma tunajua thamani ya maneno yaliyopimwa. Wazee wetu waliketi kwenye mikutano ya kijiji wakasikiliza upande huu na upande ule kabla ya kuamua. Tumebaki na kuketi, tumewanyima watoto kusikiliza.

Watakuwepo wa kusema: mzee, alama ndizo zinazofungua mlango, mengine ni hadithi. Ni kweli zinafungua mlango. Lakini mwaka 2022 tuliona yaliyoko nyuma ya mlango. Mhitimu wa shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, jijini Dar es Salaam. Mwaka huo matokeo yake yalitangazwa nchi ikashtuka: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo ni 342, na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine waliilaumu taasisi, wengine vyuo vikuu. Huenda wote wana lao. Ila kila mmoja wa hao 633 aliwahi kuwa na fomu iliyoonekana nzuri. Fomu haiwezi kumtofautisha aliyeelewa na aliyekariri.

Nina ugomvi pia na vyuo vyenyewe. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake hawakufika hata ishirini. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye akawa jaji na kisha Waziri wa Sheria. Najua leo waombaji ni maelfu, na kumsikiliza kila mmoja ni kazi. Lakini hata insha moja ya saa moja, iliyoandikwa mbele ya msimamizi, ingeshindikana? Tunamchagua mtu wa kuisema haki ya wengine bila kumsikia akisema neno moja.

Haya si maneno ya kupitishia muda. Ukanda wetu huu umejaa kesi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, na ubishi juu ya yaliyotokea pale ulifika hadi ofisi za Benki ya Dunia, Washington. Kutoka hapo hadi Geita, mwananchi anaulizwa kila siku kuhusu leseni, fidia na mpaka. Mwenye duara hajui karatasi aliyotia dole gumba inasema nini. Mjane anafukuzwa shambani siku ya arobaini. Hao hawahitaji mwanasheria wa sababu tano na athari tano.

Nitaambiwa mtoto wa mkulima hana vitabu, na Kiingereza kinamkwaza. Kiingereza kinakwaza, sibishi. Darasani sheria bado inafundishwa kwa lugha hiyo, na anayeitaka lazima aanze kuisoma mapema. Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwezi Februari mwaka huo huo Jaji Zephrine Galeba alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kuandika kwa Kiswahili hukumu ya kesi iliyouhusu mgodi wa North Mara. Hukumu nzito, lugha yetu. Kisingizio kimepungua mguu mmoja.

Na vitabu vipo. Katiba ya mwaka 1977 iko kwa Kiswahili. Kijana asome Ibara ya 24 juu ya haki ya kumiliki mali, kisha alitazame shamba la baba yake. Aitafute Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Aende akaketi Mahakama ya Mwanzo, mlango uko wazi wala hakuna kiingilio. Asikilize usuluhishi kwenye Baraza la Kata. Kila jioni aandike nusu ukurasa: nani alisema nini, nani alithibitisha, nani alipiga kelele tu. Afanye hivyo tangu kidato cha kwanza, na alama zitakuja zikiwa na mtu ndani yake. Hayo ndiyo maombi. Yanajazwa kwa miaka sita.

Kijana wangu hakuwa na miaka sita. Alikuwa na wiki mbili kabla dirisha la maombi kufungwa. Nilimrudishia ukurasa wake nikamwambia aende akapime mpaka kwa miguu, awaulize wazee wote wawili, aandike upya. Alikasirika, nikaona. Siku nne baadaye alirudi na kurasa mbili chafu, zenye mafuto na makosa ya herufi. Mikonge ilikuwemo. Mwaka uliopandwa ulikuwemo, na aliyeipanda, na shahidi aliyekuwepo. Hoja ya baba yake mdogo ilikuwa na nguvu kuliko ya baba yake, naye aliiandika hivyo hivyo. Akaniomba nisimwonyeshe baba yake.

Siku hiyo ndipo tulipoijaza fomu. Ilichukua nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tunangoja mtandao.