SEHEMU YA 4: MPENI NAMBA, SIO HURUMA

Mama zangu na baba vijana, leo naongea na nyie wenye mtoto wa selimundu, na majirani zenu pia. Atakayekasirika akasirike, ila asome mpaka mwisho.

Hivi nani alitufundisha kwamba mtoto wa selimundu kazi yake ni kukaa kwenye kochi na simu ya mama? Jioni jua likipoa, kuanzia Makanyagio mpaka Nsemulwa watoto wako nje wanacheza kombolela. Yeye yuko dirishani. Ukiuliza, unajibiwa, "Namlinda." Unamlinda na nini? Selimundu haiambukizi. Kinachoamsha maumivu ni kuchoka kupita kiasi, kukosa maji, baridi, joto kali na maambukizi. Hivyo ndivyo vya kukwepa. Wenzake sio wa kukwepwa.

Wengine mnamruhusu kutoka, halafu mnaharibu kwa njia nyingine. Mnapaza sauti kutoka jikoni: "Huyo msimkamate, anaumwa!" Basi anacheza hakamatwi, hahesabiwi, akishinda hakuna anayeshangilia. Jamani, watoto sio wajinga. Baada ya siku mbili wanaanza mchezo bila kumuita. Huruma yako ndiyo imemtoa.

Na hili sio la nyumba moja. Inakadiriwa kwamba Tanzania kila mwaka watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na selimundu. Wote tuwafungie ndani?

Dawa yake ni kumtungia namba, kama namba za mpira. Golikipa hakimbii kama winga, lakini nani anamuonea huruma golikipa?

Wamarekani wana mchezo wa mezani unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka mwaka 1974. Watu wanakaa na kete, kila mmoja ana mhusika wake. Kuna mpiganaji mwenye mwili wa chuma. Kuna mwanamazingaombwe, mwili wake dhaifu, pigo moja chali, ila ana maajabu machache anayoweza kuyafanya, na yakiisha yameisha. Watu wanaupenda mpaka wanajitungia wahusika wao nyumbani. Na wanaojua kutunga wanafuata jambo moja: kila nguvu iwe na gharama yake.

Sasa tuihamishie kwenye kombolela. Namba mpya tuiite Jicho.

1. Jicho anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, hatua kumi na tano kutoka kwenye kopo. Haondoki hapo.

2. Nguvu yake: mara mbili kwa kila raundi anaweza kumkomboa mwenzake mmoja aliyekamatwa. Anapiga makofi huku akitaja jina lake mara tatu.

3. Gharama yake: anayesaka akimuwahi na kumgusa kabla hajamaliza kutaja, nguvu hiyo imepotea. Hakuna cha "mwacheni, anaumwa".

Mnaona? Anayesaka akienda kumlinda Jicho, kopo linabaki wazi na wengine wanalipiga. Akibaki kwenye kopo, Jicho anafungua watu. Mtoto ambaye hakimbii kabisa sasa anaumiza vichwa vya wanaokimbia.

Halafu pimeni. Chezeni raundi tano. Wote wakigombania kuwa Jicho, nguvu imezidi, ifanyeni mara moja. Hakuna anayeitaka? Imepungua, ongezeni. Na namba hii izunguke, kila mtoto aikalie. Ikibaki ya mgonjwa peke yake, mmemrudisha dirishani, safari hii chini ya mwembe. Siku akiwa mzima naye akimbie, apumzike anapochoka. Na kanuni zikibadilishwa, yeye awepo, aseme lake.

Kazi yako wewe mama ni hii: chupa ya maji iwe karibu, kivuli kiwepo, sweta jioni za Juni na Julai. Wote wakubaliane kwamba anayesema "nimechoka" anapumzika na namba yake inamsubiri. Akipata homa, maumivu makali, kifua kubana, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba au upande mmoja wa mwili kulegea, mchezo umeisha. Mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, usisubiri kesho.

Na sisi wahudumu tusijitoe. Kumwambia mzazi "asicheze" na kumuita mgonjwa mwingine ni rahisi mno. Mzazi akiambiwa hivyo, arudi aulize: acheze nini, kwa muda gani, na apumzike vipi?

Mtoto anataka kuogopwa kidogo na wenzake, akamatwe kwa haki, na akishinda ashangiliwe kwa haki. Hilo hakuna dawa ya dirishani inayolitoa.

Mtumie mama mwenzio. Sehemu ya 5 naongelea shule: tunamwambiaje mwalimu wa michezo?