Kompyuta Kuukuu Zisitupwe

Maneno yanayosikika sana katika chumba chetu cha kompyuta ni haya: "Mashine hizi ni kuukuu, zitupwe, wanafunzi wa zamani watuletee mpya." Mimi nayapinga. Taabu yenyewe naijua. Ukiisha kuandika programu kwa lugha ya C++, huna budi kuipeleka kwa kompaila, yaani programu ile igeuzayo maandishi ya mtu yawe amri za mashine. Nayo huenda polepole hata kengele ya chakula ikalia. Lakini tuulize kwanza, muda huo wapotea wapi?

Mwingi wapotea kwa kurudia kazi iliyokwisha fanywa. Wenzangu wengi wakibadili mstari mmoja hufuta kila kitu wakaanza upya, kama mpishi amwagaye sufuria nzima ya maharagwe kwa kuwa chumvi haikutosha. Dawa yake ni ya zamani kuliko mashine zetu. Mwaka 1976 Bwana Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, alitunga programu iitwayo make. Hutazama saa ya kila faili, na lile tu lililobadilika, pamoja na yanayolitegemea, ndilo hupelekwa tena kwa kompaila. Mwaka 2002 Bwana Andrew Tridgell wa Australia akatoa ccache, ambayo huweka akiba ya kazi ya kompaila; maandishi yaleyale yakirudi kwa amri zilezile, jibu hutolewa ghalani. Zote mbili ni bure. Siku ya kwanza ccache haisaidii kitu, maana ghala ni tupu, na ndiyo sababu wengi huidharau mapema.

Halafu kuna kumbukumbu. Mashine zetu zina gigabaiti 4 na prosesa ya viini 2. Wako mabwana waandikao make -j bila namba, wakidhani wameiharakisha. Kumbe wameiruhusu ianzishe kazi zisizo na kikomo. Kumbukumbu ikijaa, mashine huhamishia vitu diskini, na diski ya sahani ni nzito mno. Basi andika -j2, na kivinjari ukifunge. Tena unapojaribu tu, usiombe -O2. Kompaila itapoteza muda kuinoa programu ambayo baada ya dakika mbili utaibadili. Tumia -O0.

Wazee wetu mliopita hapa, nawaomba hivi: kabla ya kununua mashine mpya, pigeni hesabu ya bei ya kumbukumbu na diski zisizo na sahani kwa hizi tulizo nazo. Mashine mpya moja hukaliwa na mtu mmoja, na sisi wengine tumepanga foleni.

Sikatai kwamba prosesa kuukuu ina mwisho wake. Atakayetaka kukompaili moyo wa Linux mzima kwa mara ya kwanza atangoja tu. Kwa kazi ya namna hiyo naomba umeme wa chumba kile usizimwe usiku wa Ijumaa, mashine zifanye kazi sisi tukiwa bwenini.