Msitie Dole Gumba Kwenye Karatasi Msiyosomewa

Mama wa Kizuka, kijiji chetu cha Rumonge huku Burundi, hanunui mawese kwa kuambiwa tu kwamba ni mazuri. Kwanza huinamisha bidoni achungulie rangi, kisha hutia kidole, akanusa, akaonja, akangoja kidogo aone kama mjanja fulani amechanganya maji chini. Mwenye mali akimharakisha, humjibu, "Baba, pesa yangu haina mbio," akaondoka zake. Nimewaona mama zetu wakifanya hivyo tangu utoto wangu, na mpaka leo nawavulia kofia. Hata mchuuzi mkubwa wa Bujumbura hawezi kuwauzia mbuzi kwenye gunia.

Basi nielezeni, ndugu zangu, kwa nini mama huyo huyo akijiwa nyumbani na kijana mwenye koti jeupe, karatasi ya Kifaransa na kikopo cha wino, hunyoosha mkono wa kulia atie dole gumba na wa kushoto atolewe damu, asiulize hata neno moja? Mafuta ya faranga elfu chache yanaonjwa. Damu, ambayo Mwenyezi Mungu peke yake ndiye aliyeitia mwilini, inatolewa kama maji ya ziwani!

Jambo hili nimeliona kwa macho yangu. Walipita kwetu watu wa utafiti, wa wapi si haja kusema. Shangazi yangu, mtu mzima asiyejua kusoma, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Jioni nikamuuliza, "Shangazi, umekubali nini?" Akanijibu, "Mwanangu, wamesema ni mambo ya afya, na wametupa sabuni." Nikaiomba karatasi yake. Kurasa tatu, Kifaransa kitupu. Ndani mlikuwa mmeandikwa kwamba damu itatunzwa kwa miaka, kwamba huenda ikasafirishwa nje ya nchi, na kwamba mtu ana haki ya kukataa, au kukubali leo akajitoa kesho, bila kunyimwa matibabu. Neno hilo la mwisho lilikuwa mali ya shangazi kuliko ile sabuni, lakini hakuna aliyempa. Yeye alidhani akikataa, siku akishikwa na homa atafukuzwa kwenye kituo cha afya. Mtu aliyekubali kwa hofu hiyo hakukubali.

Asitokee mtu akasema kwamba mimi ni adui wa dawa na wataalamu. Sisi wa ufukweni ndio wadeni wakubwa wa utafiti. Nani angejua kwamba kipindupindu hunywewa kwenye maji, au kwamba kichocho humwingia mtoto anayeoga kando ya matete, kama wasingekuwepo watu waliochunguza kwa subira? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hubisha hodi, akajitambulisha, akasema lililomleta, na mwenyeji akajibu karibu kwa hiari yake.

Na sisi tunayo sababu ya kuwa macho kuliko wengine. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alipiga kambi katika visiwa vya Sese, kule Uganda, kutafuta dawa ya malale. Aliwadunga watu atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Alipoona ugonjwa unarudi, akaongeza kipimo. Zaidi ya watu ishirini wakapofuka, wasione tena. Nchi yetu ya Urundi wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, na baada ya Koch kurudi kwao, vita hivyo dhidi ya malale vililetwa hapa hapa Imbo, ufukweni mwa Tanganyika, kwa kambi za wagonjwa na kazi ya kufyeka vichaka vya mbung'o. Malale yalikuwa balaa la kweli, wala sisemi madaktari wale hawakutaka kuyashinda. Nasema babu zetu hawakuulizwa. Sindano iliamriwa, kuhama kuliamriwa, kufyeka kuliamriwa. Ndiyo maana wengine walikimbia kambi hizo, na watu wazima waliokimbia hivyo wakaandikwa kuwa wajinga.

Wala msidhani ni mambo ya Afrika peke yake. Huko Alabama, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwatazama mamia ya wanaume weusi wenye kaswende, wakaambiwa wanatibiwa, kumbe wanaangaliwa tu ugonjwa utawafikisha wapi. Penisilini ilipopatikana, wakanyimwa. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997, wengi wao wakiwa makaburini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa sababu ya dhambi kama hizo, madaktari wa dunia waliandika Azimio la Helsinki mwaka 1964, na wamekuwa wakilirekebisha hadi juzi, mwaka 2024. Bujumbura nako ipo kamati ya taifa ya maadili, ambayo kazi yake ni kupima utafiti unaowahusu binadamu kabla haujaanza. Basi anayekuja kwako aulizwe kwanza: kibali cha kamati kiko wapi? Unatafuta nini? Damu unayotaka ni vijiko vingapi vya chai? Itakwenda wapi, na itakaa huko muda gani? Nikipata madhara, nimpigie simu nani? Majibu utayaleta lini? Mtafiti mwaminifu huyafurahia maswali haya. Akikunja uso, mwambie kama unavyomwambia yule mwenye bidoni.

Dini yetu nayo haikutuacha gizani. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana. Imeagiza mwandishi aandike kwa haki, na yule asiyeweza kusema mwenyewe asimamiwe na walii wake, nao mashahidi wawepo. Hayo ni kwa deni la mali tu! Je, kwa damu ya mama yako? Ndugu zetu Wakristo nao wanajua kwamba mwili si kitu cha kuchezewa. Sihitaji kuwahubiria.

Sasa nawageukia nyinyi, mabwana na mabibi wa utafiti. Mlikuja na gari, mkaondoka na damu, na jibu hamkurudi nalo. Tulisikia mmepata shahada kwa malaria ya watoto wetu, na watoto wenyewe hawajui mliona nini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe lenu ni kurudi Kizuka, mkakaa chini na watu, mkawaambia kwa Kirundi na Kiswahili, "Tulikuta hivi na hivi." Tazameni Kilifi, pwani ya Kenya, ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome la Uingereza wanafanya utafiti tangu mwaka 1989. Huko nako watu walinong'ona kwamba hawa ni mumiani, wanyonya damu, kama wazee wa ng'ambo ya ziwa walivyonong'ona habari za batumbula. Watafiti hawakuwatukana. Waliketi nao, na jamii ikachagua wawakilishi wake wa kupeleka maswali na kurudisha majibu. Sisi tumekosa nini? Tunao bashingantahe, wazee wa kuaminika. Tunao abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa vijijini, wanaojua kila nyumba yenye mgonjwa na kila mama mjamzito. Wahusisheni kabla ya kufungua masanduku yenu ya sindano, wala msiwangoje mpaka siku ya kupigwa picha.

Na kwa kuwa nimetaja picha, siwezi kunyamaza. Imezuka tabia mwaloni ya kuchukia kabisa. Mtu anashikwa na kipindupindu, amelegea, nguo zimechafuka, anapakiwa kwenye pikipiki apelekwe hospitali, na vijana wenye nguvu za kumbeba wamesimama na simu wanampiga picha! Kabla hajafika Rumonge mjini, uchi wake umekwisha kufika Nyanza-Lac. Wazee walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hufunga mdomo wake hadi naye aoshwe. Nyinyi mnaitangaza aibu ya aliye hai! Mchumba wake ataiona, mwajiri wake ataiona, na mtoto wake atachekwa shuleni.

Wapo pia wasio na simu ila wana ulimi. Wakimwona fulani ametoka na mfuko wa vidonge, huwahi sokoni kusema ana virusi vya UKIMWI. Bi Jeanne Gapiya alipotangaza hadharani, miaka ya tisini, kwamba anaishi na virusi hivyo, alikuwa Mrundi wa kwanza kufanya hivyo, na chama chake cha ANSS cha kuwasaidia wenye virusi, kilichoanzishwa mwaka 1993, kimewainua wengi. Lakini alisema mwenyewe, kwa kinywa chake na kwa wakati alioutaka. Siri yake ilikuwa yake, akaitoa kwa hiari, kama damu inavyopaswa kutolewa. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2005 inayowalinda watu hao, na anayepeleka habari zao sokoni aijue.

Vijana wa Kizuka, nawajua. Mafuriko ya ziwa yalipovamia nyumba za watu, nyinyi ndio mlioingia majini kutoa magodoro ya wajane, na hamkudai hata sambusa. Mikono ile ile nataka niione kwenye machela.

Nami, kwa upande wangu, nimekubaliana na mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, anayekijua Kifaransa vizuri kuliko mimi. Kila Jumapili baada ya alasiri tutakaa chini ya mwembe wake, tukiwa na miwani na daftari. Mwenye karatasi ya hospitali, ya utafiti au ya chanjo ambayo hakusomewa, ailete tumsomee neno kwa neno, bila malipo, na tutakalolisoma halitatoka hapo. Shangazi ameahidi kuja wa kwanza, na ile karatasi yake ya kurasa tatu.