Usiulize bei ya printa kabla ya kujua kazi yake

"Mjomba, nimeokota dhahabu!"

Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyonilaki mlangoni mwezi uliopita. Mikononi alikuwa amebeba printa kuukuu, weupe wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Aliinunua kwa pesa alizochuma kwa vibarua vya likizo, ili mamake, ambaye ni dada yangu, aache kuandika risiti kwa mkono katika duka lake la jumla mtaani Umoja, Nairobi.

Nia ilikuwa njema, msomaji, na haja ilikuwa ya kweli. Dada yangu huwapa wenye vioski unga, sukari na mafuta kwa mkopo. Mwezi ukiisha hakosekani wa kumwambia, "Mama, mimi sikuchukua katoni tatu, nilichukua mbili." Daftari lina mwandiko wake yeye peke yake, basi ushahidi hana. Hasara humwangukia yeye.

Tulipoiweka mashine mezani, furaha ilififia. Nyuma yake kulikuwa na soketi moja tu, ile pana ya kizamani, ilhali kompyuta ya kijana ina vijitundu vya USB pekee. Kisha nikasoma kibandiko: volti 120. Umeme wetu hapa Kenya ni volti 240. Lau angaliichomeka ukutani, tungalinusa plastiki ikiungua. Na muuzaji alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mali ikitoka dukani hairudi.

Kwa kuwa najua nyumba nyingi zina kijana kama huyu, leo tuzungumze juu ya printa hizi za bei nafuu.

Wauzaji huiita doti matriksi. Kichwa chake kina pini nyembamba za chuma, 9 au 24. Kichwa hukimbia huku na huko, na pini hugonga utepe wenye wino kama ilivyokuwa mashine ya taipu. Kila pigo huacha nukta, na nukta zikikusanyika huwa herufi. Hiyo ndiyo sababu ya ule mlio wake. Ile ya pini 9, ikitakiwa kutoa herufi nadhifu, hupita mstari mmoja mara mbili. Ya pini 24 hutoa herufi nzuri kwa kupita mara moja, lakini bei yake huwa juu zaidi.

Zamani hizi ndizo zilizokuwa printa za nyumbani. Epson walitoa MX-80 mwaka wa 1980, na IBM walipoleta kompyuta yao ndogo mwaka wa 1981, printa waliyoiuza pamoja nayo ilikuwa ni hiyo ya Epson yenye jina la IBM. Printa ya leza ya HP ilipotokea mwaka wa 1984 iliuzwa dola 3,495 za Marekani. Ni familia gani ingeiweza? Baadaye printa za wino zikashuka bei, zikawa kimya na zenye rangi, nazo zile za pini zikarudi nyuma hadi kwenye maghala na kaunta za biashara.

Lakini hazikufa, na sababu ni ule ugongaji wenyewe. Printa ya wino hurusha matone, ya leza hubandika unga kwa joto. Hakuna inayoligonga karatasi. Ya pini hugonga, kwa hivyo ukiweka karatasi za nakala zilizopangwa pamoja, pigo moja huandika zote. Epson LX-350, ambayo ni ya pini 9, huandika karatasi ya juu na nakala nne chini yake kwa mpigo mmoja. Kwa mwenye duka la mikopo, hilo ni jambo kubwa. Mteja huondoka na nakala yenye maneno yale yale yaliyobaki dukani.

Kuna wanaosema afadhali vile vimashine vidogo vya risiti vinavyotumia joto. Ni vizuri kwa risiti ya leo, ila maandishi yake hufifia, hasa karatasi ikikaa mahali penye joto au jua. Deni la miezi mitatu halitaki karatasi inayosahau.

Sasa tupige hesabu. Utepe wa LX-350, kwa vipimo vya mtengenezaji, huandika herufi milioni 4 hivi. Ukurasa wenye herufi 2,000 ukiugawanya humo, unapata kurasa 2,000. Tuseme utepe umekugharimu shilingi 1,000. Hiyo ni senti 50 kwa ukurasa, mbali na karatasi. Tena utepe hauzibi kama wino unaokaukia kwenye vitundu printa ikikaa wiki nyingi bila kazi. Huchujuka polepole, nawe unaona siku ya kuubadilisha ikikaribia.

Je, mwanafunzi anunue printa hii? Nitasema wazi: wengi wasinunue. Mwenye ripoti zenye picha na michoro ya rangi hatapata anachokitaka. Anayekaa chumba kimoja na mtoto mchanga atagombana na nyumba nzima. Huyo atafute printa ya tangi la wino, au aendelee kulipa kwa ukurasa mkahawani mwa kompyuta mpaka hesabu ya kununua ikubali. Printa ya pini ni ya mwenye maandishi mengi, nakala nyingi na subira ya kelele.

Ukiamua kununua iliyotumika, usitoke dukani kabla ya haya. Kwanza, soma kibandiko cha nyuma kuhusu volti. Pili, angalia soketi zake, na uhakikishe mojawapo inaingiana na kompyuta yako. Tatu, uliza kama utepe wake bado unapatikana, maana mashine isiyo na utepe ni kigoda. Nne, ijaribu. Kwa zile za Epson LX, weka karatasi, shikilia kitufe cha LF/FF huku ukiiwasha, nayo itaandika yenyewe bila kompyuta. Ukiona mstari mweupe umekata herufi zote kwa ulalo, kuna pini iliyokufa. Irudishe kaunta. Na usiguse kichwa baada ya jaribio, kwani huwa moto.

Mpwa wangu alifanya akiba upya, safari hii tukaenda wote. Tulirudi na LX-350 iliyotumika, yenye soketi ya USB, tukiwa tumeijaribu mbele ya muuzaji. Siku hizi mteja hutia sahihi kwenye karatasi ya juu, na kalamu yake hupenya hadi nakala ya chini. Mwisho wa mwezi mmoja wao alianza wimbo ule wa katoni mbili. Dada yangu alimwonyesha sahihi yake. Alilipa tatu.

Ile ya volti 120 ingali chini ya kitanda cha kijana. Amekataa kuitupa. Anasema ni karo aliyolipa kwa somo ambalo swali moja tu dukani lingempa bure. Kuuliza si ujinga.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.