Mbwa Chotara Anatosha

Kuna ugonjwa umetuingia, na wala si malaria. Ni ugonjwa wa kutaka mbwa mwenye jina la Kizungu. Mtu akisema bwenini kwamba nyumbani kwao wamepata mbwa, swali la kwanza halihusu umri wala afya yake. Anaulizwa, "Ni German Shepherd?" Akijibu kuwa ni chotara, mama yake wa kienyeji na baba yake Japanese Spitz wa jirani, basi ni vicheko. Ati huyo ni koko tu! Mimi nashikilia kwamba kwa familia ya kawaida, yenye watoto, ua mdogo na mfuko usio na kina, huyo chotara mdogo ndiye hasa wa kuchukua. Akija kuharibika, aghalabu tumemharibu sisi wenyewe kwa haraka na uzembe wa ile miezi ya kwanza.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Jibwa kubwa linataka chakula kingi, nafasi ya kukimbia, na mtu mwenye nguvu za kulishika likivuta. Nyumba ngapi kwetu zina hayo yote? Mbwa mdogo hushiba kwa kidogo, na kuhusu ulinzi, mwizi haogopi ukubwa wa mbwa kuliko anavyoogopa kelele zitakazoamsha mtaa mzima. Kelele ndizo kazi ya hawa wadogo, bwana! Isitoshe, mbwa wadogo kwa kawaida huishi kuliko wakubwa, wengi wao miaka 12 hadi 15. Hapo pia pana la kufikiria: aliyejiunga na sekondari mwaka huu akileta kilebu nyumbani leo, huenda akawa na kazi na watoto wake mwenyewe na mbwa bado yupo.

(Naam, nimesema kilebu. Mwalimu ametukaririsha ndama, kifaranga na kilebu tangu shule ya msingi, kisha tukifika nyumbani tunasema "kapapi". Tuendelee.)

Kosa kubwa kuliko yote ni kumchukua kilebu mapema mno. Mwenye mbwa anaona vilebu sita wanamsumbua, nasi tunaona kinyama kidogo kinachotoshea kiganjani, basi wiki ya nne au ya tano tumeshambeba kwenye kikapu. Kilebu hufungua macho akiwa na wiki mbili hivi, na kuanzia wiki ya tatu hadi ya nane yuko darasani. Darasa gani? La mama yake na ndugu zake. Akimuuma nduguye kwa nguvu, nduguye analia na mchezo unaisha. Akimuuma mama, anakemewa papo hapo. Ndivyo anavyojifunza kupima nguvu za meno yake. Ukimtoa kabla ya wiki 8 umemfukuza shule, na baadaye unashangaa mbona anawauma watoto akicheza nao. Mngojeni atimize wiki 8 kamili, hata mwenyewe akiwaharakisha.

Tena nendeni mkamwone kwao. Wapo wanaouza vilebu kando ya barabara jijini Nairobi, wakiwapitisha kwenye madirisha ya magari, wamepigwa shampuu hadi wanang'aa. Mama yake yuko wapi? Hakuna ajuaye. Nami naona mama ndiye cheti cha kilebu. Akiwa mtulivu, anakuja kunusa na kutikisa mkia, mna tumaini jema. Akiwa anatetemeka au anataka kurarua kila mgeni, fikirini mara mbili. Baada ya mama, mtazameni kilebu mwenyewe: macho maangavu, pua isiyotoa usaha, ufizi wenye rangi ya waridi. Ufizi mweupe ni dalili kwamba damu imepungua, pengine kwa viroboto au minyoo. Tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zinahesabika si shibe, ni minyoo. Pigeni makofi mara moja. Mzuri kwa familia ni yule anayeshtuka, kisha anarudi kuchungulia kulikoni. Yule anayejificha pembeni moja kwa moja atahitaji mtu mwenye subira nyingi, na yule anayewakanyaga wenzake wote atawashinda watoto wadogo.

Na mbona kila mtu anataka dume? Hili linaniudhi kweli kweli. Vilebu majike huwekwa guniani na kutupwa jalalani, wengine hata macho hawajafungua. Ati jike ataleta watoto. Jameni, daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi, na kwa kubweka na kulinda, jike hapungukiwi na lolote. Walio karibu na Nairobi wanaweza pia kwenda KSPCA, chama kinachookoa wanyama na kuwatafutia makao mapya. Huko chotara hawakosekani, dume kwa jike.

Akishafika nyumbani, jambo la kwanza ni chakula, na hapa ndipo tunapokosea bila kujua. Ugali mtupu haumjengi. Mchanganyieni omena, mayai yaliyochemshwa au matumbo yaliyoiva. Akiwa na miezi miwili au mitatu ale kidogo kidogo mara nne kwa siku, halafu mpunguze hadi mara mbili afikapo miezi sita. Maziwa mengi ya ng'ombe humharisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa na ncha kali na inaweza kumtoboa matumbo, navyo vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Maji safi yawepo wakati wote. Dawa ya minyoo ni lazima, tena kwa faida yenu pia, kwani minyoo ya mbwa huweza kuwaingia watoto wanaocheza mchangani.

Kuna nyumba ambazo mbwa haingii ndani kwa sababu ya dini au desturi, nami sioni ubaya wowote. Banda kavu lisilopitisha mvua linamtosha kabisa. Ubaya ni mnyororo. Wapo wanaomfunga kilebu mchana kutwa, wengine wakimlisha pilipili, wakidai ndipo awe mkali. Mbwa wa namna hiyo huwa mwoga, na mbwa mwoga hamchagui wa kumuuma: mwizi, mgeni, mtoto wa nyumbani, wote ni sawa kwake. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje kwa upole: aitwe kwa jina, apewe kipande cha chakula akitii, azoeshwe watu na kelele angali mdogo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halina mzaha. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi mno barani Afrika na Asia, na karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa. Watoto wa umri wetu na wadogo zetu wamo sana katika hesabu hiyo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Hata hivyo, sindano moja anayopewa kilebu akiwa na miezi mitatu, na kurudiwa kila mwaka, inaizuia balaa hiyo. Tangu 2014 Kenya ina mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ufikapo 2030, na wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika. Baadhi ya kaunti huchanja bure, hasa karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mtu akiumwa, jeraha lisipakwe chumvi wala mafuta ya taa: lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitalini siku iyo hiyo. Jamaa anayejisifu kwa mbwa wa bei ghali asiyechanjwa, mimi simwelewi.

Mwisho ni sisi wenyewe tunaolala bweni. Tunawaleta vilebu likizoni, tunacheza nao wiki tatu, shule ikifunguliwa tunapanda matatu tukipunga mkono. Nani atamlisha Jumatatu asubuhi? Nani atakumbuka tarehe ya sindano? Kama jibu ni "mama ataangalia", basi mwulizeni mama kwanza. Ana ng'ombe, ana kuku, ana wadogo zenu. Akisema hapana, mwacheni kilebu kwa mamake.